Kiota cha taa: tulihesabu siku za mbayuwayu, ndani mlikuwa na teleka

Nyumba yenyewe iko Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Muhumba, komini ya Ibanda, upande unaoteremka kuelekea Ziwa Kivu. Ni ya zamani zile Bukavu ilipokuwa ikiitwa Costermansville: pembe zimezungushwa, madirisha ya ngazini ni ya duara kama ya meli, na juu ya mlango mkuu kuna kipande cha zege kilichochomoza kama ulimi, kumfunika mtu anayetafuta ufunguo mvua ikinyesha. Chini ya ulimi huo kuna taa. Haijawaka tangu tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lile lililobomoa nyumba nyingi mjini hapa na ng'ambo ya Rwanda. Nyumba yetu ilisimama, ila zege la mlangoni lilipata ufa kuanzia kwenye kitako cha taa hadi ukutani. Kioo kilianguka, kikabaki kitako cha chuma na waya mbili zilizojikunja. Kisa hiki chote kilitokea kwenye nafasi isiyozidi upana wa sinia.

Mwenye nyumba yuko mbali, anatuma pesa na maagizo kwa WhatsApp. Mwaka 2021 aliniomba nisimamie matengenezo: kupaka rangi upande wa mbele, kuziba nyufa, kurudisha mwanga mlangoni. Chini anaishi mama mzee ambaye amewazidi umri wapangaji wote na anaijua nyumba kuliko mwenyewe. Juu kulikuwa na familia iliyotoka Goma baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei mwaka huo. Walivuka ziwa kwa boti wakidhani ni kwa wiki moja, wakabaki. Mama wa familia hiyo alikuwa anauza mandazi asubuhi pale mlangoni. Meza yake aliiweka chini ya ulimi wa zege, kwa sababu ndipo mvua haifiki, yaani chini ya taa kabisa.

Mwezi wa Oktoba, mvua ziliposhika, wakaja mbayuwayu wawili. Hawa si wale wageni wa kutoka Ulaya wanaojaa kwenye waya miezi ya mvua kisha wanaondoka bila kujenga chochote. Ni wakazi wa huku: kichwa chekundu cha kutu, kiuno rangi hiyohiyo, kifua cheupe chenye mistari myeusi kama daftari la mwanafunzi. Walikuwa wanachota tope kwenye dimbwi la barabarani, kidonge kimoja kwa safari moja, wanakibandika kwenye zege, wanasukuma kwa kidevu, wanaenda tena. Kidonge ni kama punje ya mahindi. Niliwahi kukaa na kikombe changu cha chai kuwahesabia safari, nikafika arobaini na kitu kabla ya simu kunikatiza. Kwa karibu wiki tatu walimaliza kitu cha kushangaza: nusu ya kibuyu iliyobandikwa darini, na kutoka ubavuni mwake bomba la tope la urefu wa kiganja, lililopinda kuzunguka kitako cha taa. Waya moja ya umeme ilipita ndani ya ukuta wa kiota kama nondo. Fundi umeme aliangalia, akacheka, akasema hagusi mpaka wenye nyumba watoke.

Watu waliuliza kwa nini hapo, na si kwenye jengo jipya la jirani lenye dari refu zaidi. Jibu liko kwenye plasta. Tope linahitaji pa kushika, na plasta ya zamani iliyochubuka, isiyopakwa rangi miaka mingi, ni mbaya kwa macho na nzuri kwa tope. Rangi ya mafuta inayong'aa inaliangusha likikauka. Tena ndege hawa kwao asili ni miamba iliyoinama na mapango. Kwa macho yao ulimi wa zege ni mwamba, na kitako cha taa ni jiwe lililochomoza la kuegemea. Wazungu waliochora nyumba zile za miaka ya 1930 hadi 1950 walipenda vibaraza, vichomozo na kingo za kuzuia jua. Bila kukusudia waliujengea mji mzima magenge ya miamba.

Ugomvi ulianza kiota kikiwa hakijakauka. Mavi yalikuwa yanaanguka mezani. Mama wa mandazi alifunika bidhaa zake kwa kitambaa, wateja wakawa wanatazama kitambaa kuliko mandazi. "Papa, mi nauza chakula," aliniambia. "Mutu akiona mavi ya ndege juu ya kitambaa anarudisha pesa mu mufuko." Alikuwa na haki, na alisema bila kupandisha sauti. Mama mzee naye akasema mbayuwayu akijenga kwako usimbomolee, ni mgeni aliyekuja bila kuomba chakula. Mwenye nyumba aliandika kwa simu maneno matatu: toeni, pakeni rangi.

Nilijiona mtu wa busara. Nina darubini ya macho mawili niliyoinunua mtumba, na ndege nawafuatilia kwa mapenzi tu. Nikawaambia wote: tuwape siku zao, wataondoka wenyewe. Mbayuwayu wa aina hii hutaga mayai matatu hivi, hulalia kama wiki mbili na siku chache, makinda hukaa kiotani kama siku 17 hadi 19. Jumla haifiki siku 40. Mimi nitatoa 45. Mwenye nyumba alikubali, rangi ikahifadhiwa chumba cha chini, mafundi wakapewa tarehe.

Asubuhi ya Jumapili tarehe 28 Novemba mama wa mandazi alikuta mayai mawili meupe yamepasuka kwenye ngazi. Aliyafagia. Aliponisimulia nilihitimisha kwamba ni upepo, au waya ule uliopita ndani, au bahati mbaya; nikaona bado wawili wanazunguka jioni juu ya paa, nikasema watataga tena. Nikaanza kuhesabu upya kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba. Siku 45 zikaniangukia karibu na tarehe 20 Januari, nikapanga kazi Jumatatu tarehe 24. Hilo ndilo kosa lenyewe, na lilikuwa la mtu aliyekuwa na darubini.

Kwa sababu dalili zilikuwepo mbili, tena wazi.

Ya kwanza ni manyoya. Katikati ya Desemba mdomo wa lile bomba la tope ulikuwa umeota manyoya: ya kuku, meupe, mawili matatu, yamegandishwa ukingoni kana kwamba mtu ameyapaka gundi. Niliyaona. Nikafikiri mbayuwayu wanatandika kitanda, na kweli mbayuwayu hutandika manyoya, lakini huyaweka ndani chini ya mayai. Hawayabandiki mlangoni.

Ya pili ni kitu ambacho hakikuwepo. Mbele ya nyumba kuna waya wa umeme unaovuka kwenda kwa jirani. Oktoba na Novemba wale wawili walikuwa wanakaa pale kila asubuhi, wanajisafisha, wanapiga soga. Desemba waya ulikuwa mtupu. Nilikuwa napita chini yake kila siku kwenda kazini na sikuuliza.

Jumatatu ile mafundi wawili walikuja saa mbili asubuhi. Tulikubaliana kiota tusikibomoe, kwa heshima ya mama mzee. Tutakifunika tu kwa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa utepe, rangi isikifikie, kisha mwenye nyumba ataamua. Kijana mmoja alipanda ngazi ya mbao, akagonga kidogo kwa kucha, hakusikia kitu. Akafunika. Wakakwangua plasta kutwa nzima, vumbi jeupe likajaa mpaka kwenye majani ya mparachichi.

Saa kumi na mbili jioni nilipigiwa simu. Mama wa mandazi: "Papa, kuja haraka. Tundege tunalia vibaya, tunakuja kugonga mulango."

Nilifika kukiwa bado na mwanga. Walikuwa wawili, weusi kabisa, mabawa membamba yaliyopinda kama mundu, wanatoka upande wa ziwa kwa kasi ya kutisha, wanaelekea moja kwa moja chini ya ulimi wa zege, wanageuka dakika ya mwisho, wanapanda tena wakilia ile sauti kali ya kusugua. Mmoja alipogeuka mbele ya uso wangu niliona kimstari cheupe chembamba kiunoni na mkia uliogawanyika kama uma wenye meno mawili. Nikajua. Nilihisi joto masikioni, kama mwanafunzi aliyejibu swali kwa sauti kubwa kisha akagundua amesoma ukurasa mwingine.

Hawa ni teleka. Wengi tunawaita mbayuwayu kwa sababu wanakula hewani vilevile, lakini si ndugu hata kidogo. Mbayuwayu ana miguu ya kukaa kwenye waya. Teleka ana vikucha vifupi vya kung'ang'ania ukuta tu, hata jina lao la kisayansi, Apus, maana yake ni asiye na miguu. Ndugu yao wa Ulaya, anayekuja kwetu bonde la Kongo wakati wa baridi ya kwao, watafiti wa Uswidi walimfungia vifaa vidogo na mwaka 2016 wakatangaza kwamba anaweza kukaa hewani miezi kumi karibu bila kutua. Huyu wetu wa kiuno cheupe hana tabia ya kujenga mwenyewe akipata cha kuchukua. Anamsubiri mbayuwayu amalize bomba lake la tope, anaingia kwa nguvu, anatupa mayai nje, kisha anabandika manyoya kwa mate yake mlangoni. Amefaulu hivyo kiasi kwamba miaka ya 1960 alionekana akizaliana hadi kusini mwa Uhispania, akifuata viota vya mbayuwayu wa huko.

Na hesabu zake ni nyingine kabisa. Hulalia wiki tatu na zaidi, na makinda hukaa kiotani wiki tano, sita, hata saba, kwa sababu kinda wa teleka hana nafasi ya kujaribu. Mbayuwayu mdogo huruka hadi kwenye waya, anapumzika, anarudi kulishwa. Teleka akitoka ametoka; lazima siku ile ile awe anajua kuruka, kula na kulala. Kwa hiyo ikiwa walitaga katikati ya Desemba, tarehe 24 Januari makinda walikuwa na kama siku 19. Mbayuwayu wa siku 19 ni mtu mzima. Teleka wa siku 19 ni mtoto wa katikati, manyoya ya mabawa bado yako kwenye vifuko vyake kama nyasi zisizofunuka.

Kijana wa rangi alipanda kuvuta mfuko. Utepe ulikuwa umeshika kwenye tope. Akavuta taratibu, na bomba lote likatoka pamoja na utepe, na kinda mmoja akaanguka juu ya turubai.

Nimemshika mkononi. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, kijivu cheusi, mdomo mdogo lakini ukifunguka unakuwa uso mzima. Miguu sikuiona mpaka aliponishika kidole. Vikucha vinne vyote vinaangalia mbele, na vinashika kweli. Kwenye shingo yake alitambaa mdudu bapa wa kijani-kahawia, akaingia chini ya manyoya. Mama wa mandazi akapiga kelele ya kunguni. Si kunguni: ni nzi bapa anayeishi kwa damu ya teleka na viota vyao. Nilimweleza hivyo, akasema sawa, lakini usiku ule aliosha meza kwa maji ya moto mara mbili, na sikuona sababu ya kubishana.

Tulimrudisha kinda kiotani, ambako mwenzake alikuwa amejibanza nyuma. Kiota kilikuwa wazi sasa, tundu lote linaonekana kutoka barabarani, na wazazi wamekosa mlango waliouzoea. Aliyetoa wazo ni yule kijana aliyebomoa. Alikata kipande cha tiyo ya plastiki, ile ya maji machafu ya inchi mbili, urefu wa kiganja, akaipasua kwa urefu, akabandika nusu moja darini kwa tope la bustani lililochanganywa na simenti kidogo, ikakaa pale pale bomba lilipokuwa. Ndani aliikwaruza kwa msumeno ili vikucha vipate pa kushika. Hilo sikumwambia mimi. Nilimuuliza alijuaje, akajibu, "Hata mi nikipanda ngazi ya rangi mubichi, natereza."

Usiku ule wazazi hawakuingia. Asubuhi, nusu saa baada ya jua, mmoja alikuja kwa kasi ileile, akagonga tiyo kwa kifua, akapotelea ndani. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara na mandazi mkononi, sijala.

Kinda aliyeanguka alikufa usiku wa pili. Tulimkuta kwenye ngazi. Pengine aliumia ndani, pengine alisukumwa. Aliyebaki alipitisha mchana mzima bila chakula ule wakati wa mfuko na hakuonekana kudhurika. Makinda wa ndugu yao wa Ulaya wanajulikana kwa kustahimili njaa ya siku kadhaa kwa kupunguza joto la mwili, hali ya hewa inapowanyima wadudu. Huyu wetu alikaa. Tarehe 17 na 18 Februari alikuwa analala mdomoni mwa tiyo, uso nje, anatazama. Jumamosi tarehe 19 hakuwepo. Hakuna aliyemwona akitoka.

Sasa lawama. Mwenye nyumba aliandika kwamba nimempotezea siku tano za mafundi wawili kwa ajili ya ndege mmoja, na kwa hesabu ya mfuko ni kweli, nilikubali kukatwa. Wapangaji walimlaumu kijana wa rangi. Hilo nalikataa. Yeye aliambiwa kiota ni kitupu na mtu aliyekuwa amehesabu siku kwa kalamu. Tatizo halikuwa kwamba sikuwa na takwimu. Takwimu zilikuwa sahihi, za ndege mwingine. Nilitambua wapangaji wa kiota mwezi wa Oktoba na sikuangalia tena kama ni wale wale, na mtu pekee aliyekuwa na ushahidi wa mabadiliko, mama wa mandazi, niliusikiliza ushahidi wake nikaupa maelezo yangu. Aliyaona mayai. Baadaye alinieleza pia kwamba Jumamosi ile, siku moja kabla, kulikuwa na vita juu ya mlango tangu mchana, weusi wawili dhidi ya wekundu wawili. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza chochote zaidi ya saa ngapi aliyakuta.

Kuna jambo jingine ambalo linanisumbua kidogo. Mama mzee alitetea mgeni asiyeomba chakula, na sisi sote tulitetea kiota kwa jina la mbayuwayu. Mbayuwayu walikuwa wamefukuzwa tangu Novemba. Tuliyemlinda ni aliyewafukuza. Nilipomweleza mama mzee alifikiri kidogo, akasema na yeye alipofika nyumba hii alikuta watu ndani. Akaendelea kuchambua maharage.

Kazi ilimalizika kiangazi, Julai, kiota kikiwa kitupu kweli: safari hii nilitazama kwa wiki mbili, alfajiri na jioni. Upande wa mbele ulipakwa rangi, isipokuwa mduara wa plasta ya zamani kuzunguka taa, ambao kutoka barabarani unaonekana kama kiraka na mwenye nyumba bado ananiuliza habari zake. Fundi umeme aliacha waya za zamani baada ya kuzikata kwenye umeme, akapitisha mpya ukutani, taa ikawekwa juu ya fremu ya mlango. Ubao wa kukinga mavi tuliufikiria tukauacha, kwa kuwa teleka akitoka huanguka kwanza ndipo ashike hewa, na ubao karibu na mdomo ungemgonga. Badala yake meza ya mandazi ilisogezwa hatua mbili kushoto, ambako ulimi wa zege bado unaikinga mvua. Miezi yote ile ya maneno, na mavi huanguka wima. (Darini juu kabisa kuna bundi. Hiyo ni kesi nyingine, na mashahidi wake hawataki kuitaja hata mchana.)

Oktoba 2022, mvua ya tatu au ya nne, nilikuta vidonge vya tope vibichi juu ya tiyo ya plastiki. Vilikuwa vimepangwa kwa safu, kuanzia pale simenti ya kijana iliposhika, vikirefusha mlango kwa upana wa vidole viwili. Nilisimama chini yake nikijaribu kuona kitu ndani ya giza, mama wa mandazi akiwa anageuza moto wake.

"Mama, ni wale wekundu ama ni weusi?"

Hakutazama kiota. Aligeuka, akakinga jicho kwa mkono wenye unga, akatazama waya.